Mkono wa Mfanyakazi na Miale Isiyoonekana

Mgonjwa apelekwaye katika chumba cha eksirei huona jambo moja ambalo pengine halimpendezi. Mtumishi humlaza mezani kwa upole, humpangia mkono au kifua chake mbele ya mashine, humwambia asitikisike. Kisha yeye mwenyewe hutoka upesi akajificha nyuma ya ukuta. Husikika mlio hafifu, na mtumishi hurudi akitabasamu. Wako wagonjwa wanaonung'unika moyoni: "Ikiwa mashine hii haina madhara, mbona mwenyewe anaikimbia? Na ikiwa inayo, mbona ameniacha nayo peke yangu?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake si refu. Mgonjwa hupigwa na miale mara moja au mbili, naye hupata faida ya kutambuliwa ugonjwa wake. Mtumishi yumo chumbani humo siku zote za kazi, pengine kwa miaka 30, wala miale hiyo haimponyi maradhi yoyote. Asipojikinga, kidogo cha leo huongezwa juu ya kidogo cha jana. Lakini ukuta ule anaojificha nyuma yake haukujengwa kwa hekima ya siku moja. Kabla haujakuwapo, watu waliofanya kazi hiyo hawakuwa na kinga yoyote, na walipokuja kuitambua hatari, waliitambua kwa mikono yao wenyewe. Habari zao ndizo twazieleza leo. Ni habari za wafanyakazi, ingawa kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ni za wavumbuzi mashuhuri tu.

Tarehe 8 Novemba, 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, profesa aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa. Bomba hilo alikuwa amelifunika kwa karatasi nyeusi nzito hata mwanga usiweze kupenya. Hata hivyo, kipande cha karatasi kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kiling'aa gizani. Kulikuwa na kitu kilichotoka bombani kikapita katika karatasi nyeusi kama kwamba haipo. Röntgen hakujua ni kitu gani, akakiita kwa herufi ambayo wanahesabu hulipa jambo lisilojulikana, yaani X. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa amekwisha piga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ilionekana pamoja na pete.

Januari 1896 magazeti ya Ulaya yalieneza habari hiyo, na haikupita miezi mingi kabla miale ya Röntgen haijawashwa katika miji mingi ya Ulaya na Marekani. Upesi huo una sababu. Mabomba ya namna ile na mitambo ya kuyatilia umeme vilikuwamo tayari katika vyumba vya majaribio vya vyuo vingi, na Röntgen mwenyewe alikataa kujiwekea haki ya kuuza uvumbuzi wake. Kila aliyetaka aliweza kujaribu. Waganga walitafuta risasi na sindano katika miili ya watu. Wenye maonyesho walitoza kiingilio ili watu wakaone mifupa yao. Hata majeshi hayakuchelewa. Mwaka 1898, Waingereza walipokuwa wakiupanda mto Nili kwenda kuiteka Sudan, mganga wa jeshi aliyeitwa Battersby alichukua mashine ya eksirei hadi Abadieh, na kwa kuwa huko hakuna umeme, aliufanyiza kwa baiskeli ya watu wawili. Askari walikanyaga pedali katika joto lile la jangwani ili mganga aone risasi ilipo katika mwili wa majeruhi. Kwa hiyo miale hii iliingia barani mwetu mapema sana, tena kwa msafara wa vita.

Leo twajua kwamba miale ya eksirei ni ya ukoo mmoja na mwanga wa jua, joto la moto na mawimbi ya redio. Yote ni mawimbi ya umeme na sumaku, na yanatofautiana kwa urefu na kwa nguvu. Wimbi la redio ni refu, na nguvu yake ni ndogo. Wimbi la eksirei ni fupi mno, na nguvu yake inatosha kuvunja na kuharibu vijisehemu ambavyo chembe hai za mwili zimejengwa kwavyo. Lakini mwaka 1896 hayo hayakujulikana. Miale ile haikuonekana, haikuunguza ilipogusa, haikuwa na harufu. Watu wengi wenye elimu waliona kwamba kitu kipitacho mwilini bila mtu kukisikia hakiwezi kumdhuru.

Onyo mojawapo la kwanza lilitoka Nashville, Marekani, katika miezi ya mwanzo ya mwaka huo wa 1896. Mtoto mmoja alikuwa amepigwa risasi kichwani, na walimu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt wakaombwa waitafute kwa miale mipya. Hawakutaka kuanza na mtoto. Profesa William Dudley alitoa kichwa chake mwenyewe kijaribiwe kwanza, na mwenzake, Profesa John Daniel, akaliweka bomba karibu kabisa na nywele zake kwa muda wa saa moja. Picha haikutoka. Dudley hakusikia maumivu yoyote, wakaenda zao. Siku ya 21 baadaye, nywele za mahali pale zilidondoka, kukawa na kiraka kitupu chenye upana wa inchi mbili hivi. Daniel aliandika habari hiyo katika gazeti la wataalamu. Wako walioiona kuwa ni kichekesho, na baadaye wako walioiona kuwa ni biashara: katika miaka ya 1920 maduka ya urembo ya Marekani yaliwapiga wanawake eksirei usoni ili kuondoa nywele wasizozitaka.

Msomaji aziangalie vizuri siku hizo 21, maana humo ndimo ulimofichika udanganyifu wote wa miale hii. Moto ni adui mwaminifu. Ukiugusa unakuunguza papo hapo nawe unautoa mkono. Miale hairudishi jibu siku ile. Mtu hufanya kazi leo, kesho na kesho kutwa, ngozi yake ikiwa nzima, na wekundu unapotokea baada ya juma moja au matatu, hakumbuki tena alilolifanya siku ile. Tena wekundu huo hupoa, naye hudhani amepona. Kumbe saratani yaweza kuja baada ya miaka mingi, wakati bomba lililomdhuru limekwisha tupwa jaani. Adui wa namna hiyo hashikwi na mtu mmoja kwa macho yake. Hushikwa kwa kuandika tarehe, kuhesabu watu, na kulinganisha walioguswa na wasioguswa. Kazi hiyo ilikawia kuanza.

Alikuwako mmoja aliyetaka kuimaliza shaka upesi. Mhandisi Elihu Thomson, Mwamerika mzaliwa wa Uingereza, mwaka huo huo wa 1896 alikiweka kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto mbele ya bomba kwa makusudi. Alichagua kidole ambacho angeweza kuishi bila hicho. Baada ya siku kadha kidole kilivimba, kikawa chekundu, kikaota malengelenge, kikauma sana. Thomson aliandika akiwaonya wenzake. Majibu aliyoyapata yatashangaza. Wengine walisema kinachounguza si miale bali ni umeme unaoruka kutoka bombani. Wengine walisema ni hewa kali inayofanyizwa na umeme. Wengine wakasema ni ngozi ya mtu mwenyewe, kwamba wako watu wenye ngozi dhaifu. Jibu hili la mwisho twalijua vizuri sisi sote, maana halikuishia katika eksirei. Katika viwanda na migodi mingi, mtu anapoumia, kitu cha kwanza kupimwa ni udhaifu wake mwenyewe.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, kazi haikusimama, na namna ilivyofanywa hapana budi kuelezwa. Mabomba ya siku zile hayakuwa na tabia moja. Kila bomba lilikuwa na hewa kidogo iliyosalia ndani, na hewa hiyo ilizidi kupungua kadiri bomba lilivyotumika, hata miale ikabadilika nguvu. Kabla ya kupiga picha, fundi alitaka kujua bomba lake leo likoje. Chombo cha kupimia hakikuwako. Basi alizima taa, akawasha bomba, akauweka mkono wake kati ya bomba na kioo kilichopakwa dawa, akaitazama mifupa yake mwenyewe. Mifupa ikionekana vizuri, bomba ni jema. Ikiwa myeusi mno au imefifia mno, alirekebisha, akautia mkono tena. Hivyo ndivyo walivyofanya kila asubuhi, na kwa kila bomba, na katika viwanda vya kutengeneza mabomba walifanya hivyo kutwa nzima. Seremala ana futi yake, mwuza duka ana mizani yake. Fundi wa eksirei alikuwa na mkono wake.

Clarence Dally alikuwa mfanyakazi wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1865, akawa fundi wa kupuliza vioo katika kazi za Thomas Edison huko New Jersey, Marekani. Edison, ambaye jina lake lilikuwa limejaa duniani kwa ajili ya taa za umeme, aliingia katika kazi ya eksirei mara aliposikia habari za Röntgen. Alitafuta dawa ing'aayo vizuri zaidi kwenye kioo cha kuonea, akaipata, na mwezi wa Mei 1896 aliwaonyesha watu wa New York mifupa yao kwa maelfu. Dally ndiye aliyesimama kwenye mabomba. Aliyajaribu kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ulipoungua, aliendelea kwa mkono wa kulia ili wa kushoto upate kupumzika.

Nywele zake zilidondoka, ngozi ya mikono ikakunjamana, vidonda vikatokea visivyopona. Waganga walimbandika ngozi waliyoitoa sehemu nyingine za mwili wake; haikushika. Saratani ilipoingia walianza kumkata, kwanza upande mmoja, kisha vidole vya upande wa pili, wakazidi kupanda juu kila ugonjwa ulipopanda, hata mikono yote miwili ikaondoka. Alikufa Oktoba 1904, akiwa na umri wa miaka 39. Twapaswa kusema kweli kwamba Edison hakumtupa, aliendelea kumlipa mshahara alipokuwa hawezi tena kazi. Edison mwenyewe alikuwa ameona macho yake yakiharibika, akaiacha kazi ya eksirei moja kwa moja, akawaambia waandishi wa magazeti kwamba anaiogopa miale hiyo. Tajiri mwenye viwanda vingi aliweza kuiacha kazi moja akashika nyingine. Fundi wake alikuwa na mikono miwili tu.

Dally hakuwa peke yake, ila jina lake limejulikana kwa sababu ya jina la bwana wake. Mwaka 1902, huko Hamburg, Ujerumani, mganga Frieben alieleza mbele ya wenzake habari za mtu mwenye saratani ya ngozi ya mkono. Mtu huyo alikuwa fundi wa kiwanda cha mabomba ya eksirei, na kazi yake ilikuwa ileile ya kuonyesha uzuri wa bomba kwa mkono wake. Hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya saratani iliyoletwa na eksirei, na jambo la kuangaliwa ni kwamba ilitoka kiwandani. Huko San Francisco alikuwako mwanamke aitwaye Elizabeth Fleischman, karani wa hesabu, aliyejifunza kazi ya eksirei mwenyewe na kufungua chumba chake. Jeshi la Marekani lilimletea askari waliojeruhiwa katika vita vya Ufilipino, naye akasifiwa sana kwa picha zake. Mikono yake iliungua, akadhani ni dawa za kuoshea picha. Mwaka 1905 alikatwa mkono, na mwaka huo huo akafa.

Sasa twaja kwa mtu ambaye, kwa maoni yetu, angestahili kujulikana kuliko wengi. William Rollins alikuwa mganga wa meno mjini Boston. Hakuwa na cheo kikubwa chuoni, majaribio yake aliyafanya kwa fedha zake mwenyewe. Alitaka kujibu swali moja: kinachodhuru ni umeme, au ni miale yenyewe? Aliwatia simbilisi ndani ya sanduku la chuma ambamo umeme hauwezi kuingia, bali miale yaweza. Simbilisi walikufa, tena wengine bila alama yoyote ya kuungua ngozini. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1901 katika gazeti la waganga wa Boston. Mwaka uliofuata alionyesha kwamba simbilisi mwenye mimba akipigwa na miale, mtoto aliye tumboni hufa.

Mtu huyu hakuishia kuogopesha watu. Alitoa kanuni, na kanuni zake ukizisoma leo utadhani zimebandikwa jana kwenye ukuta wa hospitali. Bomba na litiwe ndani ya kasha la madini ya risasi, na miale itoke kwa tundu dogo tu. Mgonjwa na afunikwe kwa kitu kisichopenyeka, pawe wazi pale tu panapotakiwa kupigwa picha. Mtumishi na avae miwani ya kinga. Na ili kujua kama kasha la bomba ni jema, na iwekwe nje yake sahani ya picha kwa dakika saba. Ikiingia ukungu, kasha halifai. Hapo kwa mara ya kwanza sahani ya picha ilipewa kazi ya kupima hatari mahali pa ngozi ya mtu. Mwaka ulikuwa 1902. Dally alikuwa angali hai.

Hakusikilizwa. Wako wanaosema dunia haikuwa tayari, lakini sisi hatulikubali neno hilo kwa urahisi, maana dunia ilikuwa tayari kununua mashine. Kasha la risasi ni zito na lina gharama. Mganga aliyekwisha wapiga wagonjwa mia tano bila kinga hakupenda kusikia kwamba amewadhuru. Wenye kutengeneza mashine hawakupenda kuiuza pamoja na onyo. Na Rollins alikuwa mganga wa meno, akiwafundisha wakubwa kazi yao. Huko Hamburg, mwaka 1903, Heinrich Albers-Schönberg alionyesha kwamba miale huwafanya sungura na simbilisi wa kiume kuwa tasa. Huyo naye ilimpasa baadaye kukatwa mkono, akafa mwaka 1921. Ndiyo kusema hata aliyeijua hatari vizuri hakuwahi kuikimbia, maana alipoijua ilikuwa imekwisha mwingia.

Tena kwa miaka mingi hata vipimo vya wataalamu vilikuwa vya ngozi. Mganga alipotaka kueleza kiasi cha miale, alikisema kwa kulinganisha na kiasi kinachoweza kuifanya ngozi ya mtu iwe nyekundu. Mwaka 1925 mtaalamu Arthur Mutscheller wa New York alijaribu kuweka kikomo: mfanyakazi asipate katika mwezi mmoja zaidi ya sehemu moja katika mia ya kiasi hicho cha wekundu. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini ukiuliza kikomo hicho alikipataje, utaambiwa kwamba alipima katika vyumba vilivyokuwa vikitunzwa vizuri, akaona kiasi wanachopata watumishi wa humo, nao wakionekana wazima. Haikuwa hesabu ya mwili waweza kustahimili nini kwa miaka 30.

Huko Uingereza mambo yalisukumwa na kifo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambamo eksirei ilitumika mchana na usiku, mganga mashuhuri wa London aitwaye Ironside Bruce alikufa mwaka 1921 kwa ugonjwa wa kuishiwa damu ulioletwa na miale. Magazeti yalipiga kelele, na mwaka huo huo ikaundwa kamati ya kuwalinda watu wafanyao kazi za eksirei na radiamu. Mafundi walikuwa wamekufa tangu miaka 17 nyuma. Ilitakiwa afe mganga wa hospitali kubwa ndipo kamati ikaketi. Twalisema hilo bila kuwabeza waganga, maana wao pia walikufa wengi. Na kamati ilipoketi, ilifanya kazi njema. Haikusema habari za kuta za risasi peke yake, bali iliagiza kwamba mtumishi wa eksirei asifanye kazi zaidi ya saa saba kwa siku; apumzike Jumapili na nusu siku mbili nyingine kila juma, azitumie nje penye hewa safi; na kila mwaka apate likizo ya mwezi mmoja. Kila mwenye kujua saa za kazi za watu wengi wa zama zile ataona kwamba lilikuwa jambo kubwa. Sayansi ilikuwa imefika mahali ambapo wafanyakazi walikuwa wakibisha hodi tangu zamani: kupunguza saa za kazi ni dawa.

Mwaka 1928 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Sweden. Waliunda chombo cha kimataifa cha kuweka kanuni za kinga, ambacho kingalipo hata leo, na wakakubaliana juu ya kipimo kimoja kilichopewa jina la Röntgen. Kipimo hicho hakikutegemea wekundu wa ngozi ya mtu, bali umeme ambao miale huuamsha katika hewa. Hewa ikapimwa mahali pa ngozi. Ilikuwa imepita miaka 33.

Mwaka mmoja kabla ya mkutano huo, Hermann Muller wa Texas, Marekani, alikuwa ametoa habari nyingine iliyotia hofu. Aliwapiga eksirei inzi wadogo, wale wazungukao ndizi zilizoiva, akaona kwamba wajukuu wao walizaliwa na kasoro ambazo wazazi hawakuwa nazo. Miale haikuishia kwa yule iliyemgusa. Iliingia katika mbegu ya uzazi ikarithiwa. Kadiri kiasi kilivyozidi, kasoro zilizidi, na kikomo ambacho chini yake hakuna madhara yoyote hakikuonekana. Kwa kazi hiyo Muller alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Hata hivyo, desturi hazikubadilika upesi. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950 maduka ya viatu ya Marekani na Uingereza yalikuwa na masanduku ya eksirei. Mtoto alitia miguu ndani, na yeye, mama yake na mwuza duka wakachungulia kuona kama vidole vimebanwa. Mama alikwenda zake. Mwuza duka alibaki na sanduku lake mpaka jioni.

Na mwaka 1956 mganga mwanamke wa Oxford, Alice Stewart, alileta habari ambayo wenzake hawakuipokea. Alitaka kujua kwa nini vifo vya watoto kwa saratani ya damu vinaongezeka, akaona wa kuulizwa kwanza ni mama zao. Akatuma watu waende kuwahoji, waliofiwa na wasiofiwa, kwa maswali yaleyale. Ilionekana kwamba waliofiwa na watoto kwa saratani walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakati wa mimba mara mbili zaidi ya wenzao. Kiasi kilichotumika kilikuwa kile kile kilichohesabiwa kuwa si kitu. Wakubwa wa taaluma walisema akina mama hawakumbuki vizuri. Mwaka 1962, huko Marekani, Brian MacMahon alitumia vitabu vya hospitali ambavyo havitegemei kumbukumbu ya mtu, akaona mambo ya namna ile ile; na bado ilichukua miaka mingine mingi kabla desturi ya kuwapiga eksirei wajawazito haijaachwa.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa siku hizi minara ya simu imesimama kila mahali na watu wanauliza. Mawimbi ya simu na redio ni ya ukoo ule ule, lakini hayana nguvu ya kuvunja chembe kama eksirei. Madhara yake yaliyothibitishwa ni joto. Juu ya mengineyo wataalamu wamebishana tangu miaka ya 1950, Wamarekani walipohesabu joto peke yake, na Warusi, waliosikiliza malalamiko ya wafanyakazi wa mitambo ya rada juu ya kichwa na uchovu, wakaweka kikomo kilicho chini mara elfu moja. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyatia mawimbi ya redio katika orodha ya vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, ushahidi ukiwa haba. Mtu asiichukue habari ya Dally akaibandika kwenye mnara; na mtu asiseme pia kwamba hakuna la kuuliza.

Mjini Hamburg, katika bustani ya hospitali ya Mtakatifu Georg, limesimama jiwe lililozinduliwa mwaka 1936. Limeandikwa majina ya watu waliokufa kwa kazi za eksirei na radiamu, ya mataifa 15: waganga, wanafizikia, mafundi, watumishi wa maabara, wauguzi. Siku ya kwanza majina yalikuwa 169. Kufika mwaka 1959 yalikuwa yameongezwa hata kufikia 359.

Kwa sasa kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa miale ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na picha moja ya kifua humpa mgonjwa si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milisiveti moja. Mgonjwa asiogope basi kupigwa eksirei ambayo daktari ameona inahitajika. Siku atakapolala mezani, na amtazame yule mtumishi kabla hajaenda nyuma ya ukuta. Kifuani pake ataona kibeji kidogo kisichopendeza, kisicho na jina la mtu kubwa wala picha. Katika Tanzania vibeji hivyo hukusanywa kwa vipindi, vikapelekwa Arusha kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Huko husomwa kwa mashine, na kiasi alichopata kila mmoja huandikwa mbele ya jina lake.